Mikono ya Sitaha ya Kumi

Mtu akikuambia kula ni kujaza tumbo tu, jua huyo hajawahi kulishwa. Mimi nimelishwa miaka tisa. Naitwa Salha Mbaruku, nilikuwa mpishi wa harusi Tanga mjini, na hakuna harusi ya maana pale Ngamiani iliyoliwa bila mimi kuonja chumvi, mpaka siku niliyodondoka kutoka kwenye lori la masufuria nikaumia shingo. Tangu hapo miguu inanisimamisha kidogo nikishikwa, na mikono hainisaidii kitu. Ipo, inapendeza, Fauzia anaipaka hina kila sikukuu, basi.

Fauzia ni mdogo wangu, tumbo moja. Ndiye anayenilisha. Kijiko kinaingia, kijiko kinatoka, "tafuna dada," "meza dada," na chakula chake yeye kinapoa pembeni. Simlaumu hata kidogo. Lakini sikufichi, kuna siku nilisema nimeshiba na njaa bado inanikata, kwa sababu tu nimechoka kufumbua mdomo kama kinda la ndege.

Kwa hiyo utanielewa nikikuambia kwamba siku ya tatu ndani ya meli ya Zumaridi, tukiwa njiani kwenda Ushelisheli, nilikula pilau kwa mkono nikalia mbele ya watu.

Chumba chetu kilikuwa sitaha ya kumi, chumba cha kifahari hasa, kimetengenezwa kwa watu wa kiti kama mimi. Mlango mpana, hauna kizingiti. Kitanda kinashuka chenyewe. Meza ya chakula ilinisubiri nifike, ikapanda mpaka usawa wa kifua changu, ikasimama. Chini yake palikuwa na mitambo iliyopingana na mawimbi. Meli ikiinama kulia, meza inakataa, na mchuzi hautikisiki. Fauzia alikaa dakika nzima akiangalia glasi ya maji, anangoja imwagike. Haikumwagika.

Mahali pangu palikuwa mgongo ukutani. Ukuta ule ulikuwa na matundu mawili usawa wa mabega yangu, na humo ndimo ilimotoka mikono. Miwili, ya kijivu, imevishwa ngozi nyembamba ya mpira mpaka kwenye kucha. Ilipita kushoto na kulia kwangu ikatua mezani mbele yangu, kama mikono yangu mwenyewe ingekuwa na akili ya kutua.

"Mwambie bibi asikaze shingo," Injinia Sospeter alimwambia Fauzia huku akinivisha mkufu. Huyu ndiye kijana wa kampuni ya meli aliyetusafirisha bure, mpole, amevaa vizuri, ila alikuwa na tabia ya kuzungumza na kiti changu kupitia mtu mwingine.

"Bibi ana masikio," nikasema.

"Samahani, mama." Aliona haya kidogo. "Ubongo wako bado unatuma amri kila siku. Unasema shika, unasema inua. Amri zinafika shingoni zinakwama. Mkufu unazidaka hapo, unazipeleka kwenye mikono hii. Na mikono ikigusa kitu, mkufu unakurudishia ulichogusa. Jaribu."

"Sijanawa."

"Mikono hii imesafishwa kwa mitambo, mama. Haina hata mdudu mmoja."

"Mwanangu, mimi sili bila kunawa."

Fauzia akaleta birika na beseni. Akamimina. Yarabi, yale maji! Yalikuwa vuguvugu, yakapita katikati ya vidole, na mimi nikayasikia, miye Salha, vidole kumi vyote. Nilivifunga, nikavifungua. Vikafungika, vikafunguka. Fauzia alisahau kuacha kumimina mpaka beseni likafurika.

Tonge la kwanza lilinimwagikia kifuani. La pili likanigonga pua. La tatu likaingia, nikalitafuna kwa wakati wangu mwenyewe, bila mtu kunitazama koo. Nikamega jingine. Punje za wali zilikuwa za moto, mafuta yakanishika kidoleni, nikapata na iliki moja nikaitenga pembeni kama nilivyokuwa nikifanya zamani. Hapo ndipo machozi yalipotoka.

Na Fauzia alikuwa ananifokea. "Dada, cha moto! Kinachoma!" Alikuwa anajipepea mdomo huku anacheka. Nikatambua kwamba mdogo wangu hajala chakula cha moto pamoja na mimi kwa miaka tisa. Nilikuwa sijawahi kulifikiria jambo hilo, na liliniumiza katikati ya raha yangu.

Sospeter alitueleza mpango ulivyo. Mimi ni mgeni wa kwanza. Siku ya nane, kabla meli haijatia nanga, nitaweka sahihi kwa mikono hii hii mbele ya kamera kwamba nimeridhika. Baada ya hapo mikono itawekwa kwenye meli zote za kampuni, kisha majumbani, na jozi ya kwanza itafungwa nyumbani kwangu. Nilimwambia alete hati hata sasa. Akacheka akasema ningoje siku yake.

* * *

Siku ya sita mchana tuliletewa wali wa nazi na samaki wa kupaka, sinia moja, mimi na Fauzia. Nilikuwa nimeshazoea. Nilikuwa najipangusa mdomo mwenyewe, nampiga Fauzia kofi la mkono akiongea upuuzi. Tulikuwa tunakumbushana bwana harusi mmoja aliyezimia alipoona shemeji zake wanavyokula, na nilicheka mpaka nikasahau kula. Mikono ilikuwa imepumzika kwenye ukingo wa sinia.

Basi mkono wa kulia ukaondoka. Ukaenda katikati ya sinia, ukachambua kipande cha samaki, ukatoa mwiba, ukausogeza mnofu upande wangu, ukarudi ukatulia.

Fauzia aliendelea kucheka peke yake.

Sikiliza. Kwetu, mkila sinia moja, kila mtu ana upande wake. Mnofu mzuri ukiwa karibu nawe na mkubwa wako yupo, unamsogezea. Humwambii, naye hakushukuru, mnaendelea kula tu. Mdogo ndiye anayemsogezea mkubwa. Mimi ndiye mkubwa pale, na mkubwa hajisogezei mnofu mwenyewe hata akiwa na njaa ya siku tatu, ni aibu. Kwa hiyo amri ile haikutoka kwangu. Na nani anaifundisha mashine adabu ya sinia?

Nikaupeleka mkono wa kushoto ukaushika wa kulia pale kwenye kifundo, nikabonyeza taratibu chini ya ule mpira. Mshipa ulikuwa unapiga. Ulikuwa unakimbia, na moyo wangu wakati huo ulikuwa bado umetulia.

"Fauzia," nikasema. "Nisogeze mbele. Kisha fungua huo ukuta."

Fauzia si mtu wa kuuliza mara mbili. Alinivuta pembeni, akapapasa ukuta, akakuta komeo dogo, akavuta. Kipande cha ukuta kikateleza. Akaruka nyuma. "Yallah! Dada, kuna mtu!"

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, amekaa kwenye kigoda, kifua kimefungwa mkanda kwenye ubao ili asiyumbe, na shingoni ana mkufu kama wangu. Mikono yake, ile ile ya kijivu, ilikuwa imening'inia tu. Alinitazama, akaangalia chini, halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikajibu. Ningesema nini?

Jina lake Mwantumu, mtu wa Pangani. Fauzia alimfungua mkanda, akamvuta ndani kukaa kwenye kochi, na ile mikono ikamfuata kama nguo iliyolowa. Sikuhitaji mtu kunieleza hali ile. Naijua.

"Nisamehe mama kwa ule mnofu," alisema. "Ulikuwa umeacha kutuma amri, mkono ukaenda wenyewe. Mazoea."

"Kwa nini hawakuniambia?"

"Wanasema wageni wakijua kuna mtu hawali vizuri. Na mashine peke yake haiwezi. Inajua kushika, haijui wali umepoa kiasi gani, haijui mwiba. Joto lile ulilolisikia ni mimi ndiye niliyelisikia kwanza."

"Na mikono yako?"

"Inalala. Mkufu unanilaza mimi ili wewe upite. Siku ya kwanza nilingoja saa moja ikaamka. Sasa ni saa tatu, nne." Alitabasamu ili nisione vibaya. "Nakula kabla yako. Nakwenda chooni kabla yako. Nimejipanga."

Nilimwambia nitamwita Sospeter sasa hivi. Hapo ndipo alipobadilika sura.

"Usimwite. Mama, nimekuja kwenye kazi hii kwa miguu yangu. Nimesoma kila karatasi. Nina mtoto na nina mipango yangu, na nimechoka watu kunionea huruma na kuniamulia. Wewe kula. Ukiridhika, na mimi nimefaulu."

Kuniamulia. Neno hilo nalijua mimi kuliko yeye. Miaka tisa watu wananiamulia nivae nini, nikae wapi, nilale saa ngapi, tena wote kwa wema.

Na sitakudanganya. Jioni ile nilikula. Kesho yake asubuhi nilikula, na mchana nikala tena. Nilijiambia namheshimu Mwantumu na uamuzi wake. Ilikuwa kweli, nusu yake. Nusu ya pili ni kwamba kulikuwa na kamba wa nazi, na nilitaka kuwamenya mwenyewe. Usiku huo wa siku ya saba niliomba supu niliyoweza kunywa kwa mrija, nikasema tumbo limejaa.

* * *

Siku ya nane asubuhi waliandaa mahamri na mbaazi za nazi. Sospeter alikuja mapema na kishikwambi chini ya kwapa, shati jeupe, anang'aa. Kamera ndogo ilishafungwa juu ya dirisha. Ukuta ulikuwa umefungwa kama siku zote, maana yeye hakujua kwamba sisi tunajua.

Nilinawa. Nikachukua hamri.

Mikono ilikuwa mitiifu ajabu asubuhi hiyo. Siku nyingine zote palikuwa na kama kiugumu, nikisema inua kuna punje ya wakati kabla haijainuka. Leo hakuna. Nilifikiria tu kuchana hamri, likawa limeshachanika. Nikachovya, nikala, nikachukua jingine, na wala sikutumia nguvu. Sospeter alimwonyesha Fauzia dole gumba.

"Umeona, mama? Sasa mmekuwa kitu kimoja," akaniambia mimi mwenyewe, na ilikuwa mara yake ya kwanza. Akaweka kishikwambi mezani na kalamu yake pembeni. "Sahihi yako hapa."

Nilishika kalamu. Miaka tisa sijashika kalamu. Nikaandika S, ile S yangu yenye mkia iliyokuwa kwenye kila orodha ya manunuzi ya harusi. Ilitoka nzuri. Ilitoka nzuri mno, na hapo ndipo nilipoogopa. Mkono unaokataa kidogo ni mkono wenye mwenyewe. Huu haukuwa na mtu tena ndani yake ila mimi.

Nikaigonga kalamu ukutani. "Mwantumu."

Sospeter akaganda.

"Mwantumu, mikono yako iliamka saa ngapi?"

Sauti ndogo ikatoka nyuma yangu: "Endelea tu, mama."

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Haijaamka. Toka jana mchana."

Fauzia aliweka kikombe chini. Nilimgeukia Sospeter kwa macho, maana ndicho ninachoweza kugeuza. "Mlijua?"

"Inaamka, mama. Huwa inachukua muda, lakini inaamka."

"Kwa nani? Wamepita wangapi kabla yake?"

"Huyu ni wa tatu. Wawili walipita kwenye majaribio."

"Na wale wawili?"

Alijifuta paji la uso. Si mtu mbaya, na hakuweza kunidanganya. "Mmoja aliamka."

Mashine ya chini ya meza ilikuwa inanguruma polepole, inapingana na bahari.

Kisha Sospeter akavuta kiti, akakaa mbele yangu, macho kwa macho. "Mama Salha, nisikilize. Ninao watu elfu nane kwenye orodha. Wanalishwa kama wewe. Kuna mwalimu hajashika chaki miaka kumi na minne. Kuna baba hajawahi kumbeba mtoto wake. Tukianza, tutapata njia ya kufupisha usingizi, lakini hatuwezi kuanza bila sahihi. Na Mwantumu amekubali. Muulize."

"Nimekubali," sauti ikasema ukutani. "Mama, usiniharibie."

Nilikuwa bado nimeshika kalamu. Nataka ujue kwamba niliitaka ile mikono. Niliitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mume. Nilijiona nyumbani kwangu, nachambua mchele, nakanda unga, Fauzia ametoka kwenda kwenye mambo yake. Herufi nne zilibaki.

"Mwantumu," nikasema, "kazi yako siwezi kukukataza. Nimekatazwa mengi mimi, siwezi kumfanyia mwenzangu. Ukitaka kuwaazima watu mikono, utawaazima. Lakini mkufu huu uko shingoni kwangu, na uroho ni wangu. Kila tonge nililokula tangu siku ya sita nililila najua. Sasa basi." Nikaiweka kalamu mezani. "Fauzia, nivue."

Fauzia hakusogea. "Na mimi umeniuliza, dada?"

Alikuwa amekunja mikono. Wiki nzima alikuwa amekula vya moto. Wiki nzima alikuwa amelala mchana, amekwenda kuogelea, amecheka na mhudumu mmoja wa Kingazija kwenye ngazi. Nilikuwa namrudisha kwenye kijiko, na sikuwa nimemuuliza.

"Sikukuuliza," nikamwambia. "Na sitakuuliza, maana ukisema hapana nitaweka sahihi. Nisamehe, mdogo wangu."

Fauzia alikuwa na hasira na mimi, na alikuwa na haki nayo. Kisha akazunguka meza, akafungua mkufu. Vidole vikanitoka kimoja kimoja. Mikono ya kijivu ikaanguka juu ya mahamri, na yangu mimi ikarudi kuwa ilivyo.

"Naandika nini sasa?" Sospeter aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Andika nilikula vizuri sana. Andika sijawahi kula vizuri namna hii maishani. Kisha andika mmoja kati ya wawili. Wale elfu nane wasome yote mawili."

Alichukua kishikwambi chake akatoka bila kuaga.

Tulifungua ukuta, tukamtoa Mwantumu, Fauzia akambandua ule mpira. Ndani yake mikono ilikuwa ya kahawia, imesinyaa kidogo kwa jasho, na ya baridi. Mwantumu hakunitazama. Alisema nimemvunjia kazi. Nikasema labda. Alisema nimemwamulia vilevile, hata nikijipamba kwa maneno. Nikasema labda. Tukakaa.

Fauzia akavuta sinia. Akachana hamri, akachovya, akanipa mimi. Akachana jingine, akampa Mwantumu, naye akalikataa, kisha njaa ikamzidi akafumbua mdomo. Hivyo tukala, zamu kwa zamu, watu wawili wazima na mlishaji mmoja. Fauzia hakusema "meza dada" hata mara moja.

Saa nne ikapita. Saa tano. Nje kisiwa cha Mahe kilianza kuonekana, milima ya kijani, na abiria walikuwa wanapiga kelele huko chini. Sisi tulikuwa tunaangalia mapaja ya Mwantumu. Mimi nilikuwa naomba Mungu kwa namna ambayo sikujiombea mwenyewe nilipokuwa hospitali, kwa sababu wakati ule kosa halikuwa langu.

Karibu na adhuhuri kidole kidogo cha kulia kilitikisika.

"Umekiona?" Fauzia akanong'ona.

Kikatikisika tena. Kisha cha pete, kisha kiganja chote kikajipindua, polepole. Mwantumu akauma mdomo. Aliunyanyua ule mkono kwa shida, ukafika kifuani, ukafika kidevuni, na tulidhani anafuta machozi. Akaupeleka puani akajikuna. Alijikuna amefumba macho, muda mrefu, bila haya.

"Toka jana jioni," alisema, anacheka na kulia pamoja. "Toka jana jioni pua inaniwasha, jamani, niliona aibu kusema."

Kisha akaacha kucheka. Alifumbua macho akanitazama, mara ya kwanza tangu asubuhi, akaiangalia mikono yangu pale kwenye egemeo la kiti ilipolala.

"Na wewe, mama?" akaniuliza. "Wapi panakuwasha?"

Miaka tisa. Nimeulizwa kama nimeshiba, kama nimekunywa dawa, kama nataka kugeuzwa. Hilo sijawahi kuulizwa, na mimi kwa kiburi changu sijawahi kusema. Najikuna kwenye kichwa cha kiti, kama mbuzi ukutani, watu wakitoka. Fauzia alisimama na sinia mikononi, akanitazama kama mtu aliyepigwa.

"Nyuma ya sikio," nikasema. "La kulia."

Mwantumu akasogea karibu. Mkono ulikuwa bado dhaifu, lakini alikuwa anaupeleka mwenyewe. Akausogeza mtandio wangu kidogo, akanikuna.

"Chini kidogo," nikamwambia.